Tathmini ya vihatarishi kwenye kiwanda cha mkonge: anza na swali la mashine ikikwama

Mwongozo huu ni kwa wasimamizi wa zamu na wawakilishi wa usalama katika viwanda vya mkonge mkoani Tanga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake, na wakaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi) wakija watataka kuona kumbukumbu zako. Lakini fomu iliyojazwa ofisini haijawahi kuokoa kidole cha mtu.

Hatua ya 1: Fuata mkonge unakopita

Anzia korona majani yanakopondwa, nenda kwenye waya za kuanikia, ingia chumba cha brashi nyuzi zinakosafishwa, malizia kwenye mashine ya marobota. Kila kituo zungumza na anayeifanya kazi hiyo, na swali la kwanza liwe: "Ikikwama unafanyaje?" Mashine ikizunguka vizuri kila mtu yuko salama machoni pako. Mikono huingia ndani inapokwama, inaposafishwa, mkanda unapobadilishwa, au umeme unaporudi ghafla.

Hatua ya 2: Simama kwenye brashi muda wa kutosha

Hapa usiwe na haraka. Mwendeshaji anashika fungu la singa (nyuzi za mkonge), anaingiza ncha moja kwenye ngoma inayozunguka, analivuta, analigeuza. Akiwa amezisokota singa kiganjani ili zisiteleze, ngoma ikizinasa itavuta na mkono. Glavu nazo zinanaswa. Usizigawe kwenye ngoma kwa kudhani umemaliza kazi. Angalia mikono mirefu ya shati, kanga iliyofungwa kiunoni, na kinga ya mkanda iliyofunguliwa ikaachwa sakafuni.

Kisha vumbi. Punguza mwanga wa chumba, mtu amulike tochi kali kupita juu ya mashine, nawe usimame upande wa pili ukitazama kuelekea kwenye mwanga bila kuikodolea tochi yenyewe. Utaliona vumbi lisiloonekana mchana, na utajua linatokea wapi. Kelele nayo: mtu aliye umbali wa mkono mmoja akilazimika kupaza sauti ili umsikie, huenda mmefika desibeli 85. Tafuta kipimo rasmi.

Hatua ya 3: Toa alama

Uwezekano 1 hadi 5, madhara 1 hadi 5, zidisha. Mkono kuvutwa na ngoma: 3 × 5 = 15. Kuteleza kwenye majimaji ya korona: 4 × 2 = 8. Mimi sikubali hatari yenye madhara 5 ikae mwisho wa orodha eti haijawahi kutokea hapa. Iandike juu.

Hatua ya 4: Dhibiti kwa mpangilio

Ondoa hatari kabisa. Ikishindikana badili mashine au njia ya kazi. Kisha kinga za mitambo. Kisha taratibu na mafunzo. Vifaa kinga viwe mwisho. Viwanda vingi huanzia mwisho kwa sababu barakoa ni rahisi kununua. Feni inayonyonya vumbi pale pale kwenye ngoma inafaa zaidi, maana barakoa huvuliwa joto likizidi. Ufagio mkavu na upepo wa kompresa vinalirudisha vumbi hewani, kwa hiyo vikatazeni.

Kwenye kukwama, utaratibu ni mmoja: zima swichi kubwa, kila anayeingiza mkono atie kufuli lake na ufunguo akae nao mfukoni, subirini ngoma isimame yenyewe, kwani huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Kisha jaribu kuiwasha. Haikuwaka? Sasa ingiza mkono.

Hatua ya 5: Andika jina na tarehe

Kila hatua ya udhibiti iwe na mhusika mmoja anayetajwa kwa jina, si "idara ya ufundi". Rudia tathmini mashine ikihamishwa, wakija vibarua wapya, au ajali ikikaribia kutokea. Hizo zilizokaribia kutokea ziulizeni kila mwanzo wa zamu, na anayezisema asikatwe mshahara.