Kuuza Impreza iliyobadilishwa injini ukiwa Malindi

Kama gari lako ni la kawaida, kuhamisha umiliki ni kazi ya simu: ingia eCitizen, fungua huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, weka kitambulisho cha mnunuzi, naye akubali upande wake, mlipe kwa paybill 222222, kwisha. Haya ni ya wenzangu wenye Subaru inayosikika Gede ikiwa bado haijatoka Malindi.

Anza na logibuku. Impreza yangu ya 2005 ilitoka Japani na injini ya EJ15 ya cc 1493. Sasa ninapoiuza imebeba EJ20 ya tabo (turbo, ile ya kuongeza nguvu), cc 1994. Injini ya kwenye karatasi na injini ya chini ya boneti hazijuani. Mnunuzi mwerevu hatoi arubuni kabla ya kuvuta rekodi za gari, na nambari zisipolingana ataanza kukuuliza, kwa upole kabisa, gari umelitoa wapi. Kwa hivyo omba kubadilisha maelezo ya injini kabla hata hujatangaza bei.

Hapo ndipo nilipochunwa. Utatakiwa kuonyesha injini imetoka wapi: risiti yenye nambari yake, pamoja na karatasi za forodha zilizoiingiza nchini. Risiti ninayo. Za forodha alizibakisha muuzaji wa injini, ambaye siku ya kununua tulikuwa ndugu, na siku ya kudai makaratasi faili iko kwa mhasibu, mhasibu kasafiri, simu haina chaji. Mwisho akaomba ya chai, na faili ikaonekana papo hapo, mhasibu akiwa bado safarini. Unayenunua injini leo, usimalizie pesa kabla nakala hazijaingia mkononi.

Kisha ukaguzi. Mimi gari nililipeleka Mombasa. Rudisha sprigi za kiwandani kwanza, maana matuta ya barabara ya Kilifi na Mtwapa hayana huruma na gari lililoshushwa. Ekzosi iwe na sailensa, taa za buluu zitoe. Nambari ya EJ20 imegongwa juu ya bloku, pale inapokutana na giaboksi, na intakula, kile kipoza hewa ya tabo, imeifunika. Isugue grisi ukiwa nyumbani. Mkaguzi hatakutafutia, atakwambia urudi siku nyingine, na foleni uianze upya.

Logibuku likisharekebishwa, sasa hamisha. Atakayekwambia "nitabadilisha jina nikifika Nairobi", mkatalie kwa heshima. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hakuna anunuaye tabo ili aendeshe polepole. Sheria hiyo hiyo inakupa wewe siku 7 kumjulisha msajili, na gari halitakiwi barabarani zaidi ya siku 14 kabla jina halijabadilika. Ufunguo mpe baada ya kuona amekubali ombi kwenye akaunti yake, si baada ya kuapa. Mkataba wa kwa wakili uandikwe tarehe na saa pia. Kamera za barabarani huandika zote mbili.

Kuhusu bei, rimu na tabo hazirudishi pesa ulizozitia. Wanaotoka bara huanza kwa kulala chini ya gari kutafuta kutu ya chumvi, kwa hivyo lioshwe chini, lisipakwe rangi nyeusi mbichi. Hiyo huwatia shaka zaidi.

Bima ifute siku hiyo hiyo. Na sprigi zilizoshusha gari, bampa la zamani na vikorokoro vilivyobaki stoo, viandike kwenye mkataba kama vimeuzwa au havikuuzwa, la sivyo mnunuzi atavipigia simu mwezi mzima.