Jinsi ya kuingiza bia uliyopika nyumbani kwenye mashindano

Wapishi wengi wa bia hupika kwanza, wakaipenda bia yao, ndipo wakatafuta shindano la kuipeleka. Mimi nakushauri uanzie upande wa pili. Chukua tangazo la shindano, tafuta tarehe ya mwisho ya kupokea chupa, iandike kwenye kalenda ya ukutani, kisha uhesabu wiki kurudi nyuma mpaka siku ya kuwasha jiko. Angalia vizuri: tarehe ya kufunga usajili na tarehe ya kupokea chupa ni mambo mawili, na mara nyingi usajili hufungwa mapema zaidi, hata kabla ya siku iliyotangazwa nafasi zikijaa.

Hesabu hiyo hutegemea aina ya bia. Bia ya ngano ya Kijerumani inapendeza ikiwa bado mpya, kwa sababu ile harufu yake ya ndizi na karafuu hufifia upesi. Ipikie wiki 5 au 6 kabla ya majaji kukaa mezani: wiki 2 hivi za kuchacha, wiki 2 hadi 3 za kujenga gesi ndani ya chupa, na siku chache za akiba. IPA nayo, bia chungu yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), usiipike mapema mno, maana harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka. Laga inataka subira. Huchachia kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, halafu hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo ipe miezi 2 hadi 3. Mvinyo wa shayiri (ni bia kali, si mvinyo wa zabibu) na stauti, yaani bia nyeusi, nzito zenye kileo cha asilimia 8 hadi 12 ningezipika karibu mwaka mzima kabla, kwani zikipelekwa changa ukali wa kileo hufunika kila kitu kingine. Ndiyo maana mpango wa mwaka huanza na zile zitakazonywewa mwisho.

Hatua inayofuata ni kuchagua kundi, na hapa ndipo bia nzuri nyingi hupotea. Mashindano mengi hufuata mwongozo wa mitindo wa BJCP, mpango wa kufundisha na kupima majaji wa bia ulioanza Marekani mwaka 1985. Toleo la mwaka 2021 linapatikana bure mtandaoni. Kila mtindo una namba na herufi: 10A ni bia ya ngano ya Kijerumani, 21A ni IPA ya Kimarekani, 15B ni stauti ya Kiayalandi. Jaji hakuulizi kama bia yako ni tamu kwa jumla. Anauliza kama inafanana na maelezo ya kundi uliloliandika.

Kwa hiyo usichague kundi kwa jina la pishi. Mimina glasi, weka mwongozo pembeni, shika penseli. Soma mstari wa harufu, nusa, weka alama. Soma mstari wa ladha, kunywa kidogo, weka alama. Niliwahi kupika stauti kwa nia ya 15B, hamira ikafanya kazi kuliko nilivyotazamia na kileo kikafika asilimia 5.8. Kundi la 15B huishia asilimia 5.0. Jirani yake, 15C, huanzia hapo hadi 6.5 na hutaka bia iliyojaa zaidi mdomoni. Niliihamishia huko, na ndiko ilikostahili.

Jua pia alama zinagawiwaje. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Nawaona wapishi wakihangaika wiki nzima kuing'arisha bia, wakati mwonekano wote ni alama 3, na kila wanapoimiminamimina huku na huku hewa inakula harufu yenye alama 12. Mimi ningeiacha na ukungu kidogo.

Fomu yenyewe haina ugumu. Fungua akaunti, jaza jina lako na la mliyepika naye, sajili kila bia peke yake, lipa ada, chapisha lebo. Sehemu moja tu hutaka akili yako yote, nayo ni ile ya viungo maalumu. Ukiingiza bia ya matunda (29A) au ya viungo (30A), lazima utaje tunda au kiungo chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "viungo" tu, nikadhani tangawizi itajitangaza yenyewe. Karatasi ya jaji ilirudi na malalamiko kwamba hakuambiwa atafute nini. Lakini usitaje kitu kisichosikika kwenye glasi, maana atakitafuta, atakikosa, na atakukata alama.

Sasa chupa. Nyingi hutakiwa ziwe za kahawia, za mililita 330 hadi 355, zisizo na karatasi wala nembo iliyochomoza kwenye kioo. Loweka chupa za zamani kwenye maji ya moto yenye magadi, karatasi itatoka bila kukwanguliwa sana. Kizibo chenye maandishi kipake wino mweusi. Lebo ya shindano ifunge kwa mpira, usiigandishe kwa gundi, kwa sababu wahudumu wataivua ili jaji asijue bia ni ya nani. Kwa kawaida huombwa chupa 2 au 3 kwa kila bia. Moja hufunguliwa raundi ya kwanza, nyingine husubiri fainali, kwa hiyo zote ziwe na gesi sawa. Chupa moja iliyotulia na nyingine inayofurika povu ni hasara kabisa.

Ukituma kwa kampuni ya usafirishaji, uliza kwanza kama inapokea pombe, maana baadhi hazipokei. Funga kila chupa peke yake na tandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya boksi. Kama unaweza kupeleka kwa mkono, peleka.

Bakiza chupa moja ya pishi hilohilo kwenye friji. Karatasi za majaji zikifika, ifungue, mimina, na usome walichoandika huku ukinusa. Wakisema inanukia siagi, tafuta hiyo siagi. Ukiipata, andika kwenye daftari lako kwamba safari ijayo bia ikae na hamira siku 2 au 3 zaidi kwenye joto kabla ya kupozwa.