Kabla hujapakia nguruwe kwenye kirikuu

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikiingia bandani inaweza kufagia karibu nguruwe wote. Upepo wa Dodoma hauwezi kuitoa Bahi ukaifikisha Mpwapwa. Tunaoibeba ni sisi, kwa mtamba tuliyemnunua, dume tuliloazima, gari tulilokodi.

Kabla ya kuulizia bei, muulize muuzaji kama nguruwe hao wamezaliwa kwake au naye kawanunua. Uliza pia kama ndani ya mwezi huu kuna aliyekufa au kuuzwa ghafla. Virusi vinaweza kukaa mwilini siku 4 hadi 19 kabla ya dalili, kwa hiyo mtamba anayefakamia pumba leo si lazima awe mzima. Mimi ninayemwogopa zaidi ni yule anayekusanya nguruwe wa vijiji vingi bandani kwake na kuwauzia watu wa vijiji vingine vingi. Akiugua mmoja pale, kuna wanunuzi kumi wameshaondoka na ugonjwa. Tafuta mfugaji mmoja unayemwamini, uwe unanunua kwake tu.

Dume la kupandisha linalozungushwa nyumba kwa nyumba ni hatari ileile, tena linaruhusiwa kuingia bandani kwa urahisi mno kwa sababu ni la jirani. Wafugaji wawili au watatu wakichangia dume lao na wasilitoe nje ya kundi lao, ni afadhali sana.

Muone afisa mifugo wa kata mapema. Kibali cha kusafirisha mifugo kinatakiwa kisheria, na yeye ndiye atakayekuambia kama unakotoa au unakopeleka kuna karantini.

Halafu gari. Kirikuu iliyotoka kushusha nguruwe machinjioni isije kwako kabla ya kuoshwa. Toeni kwanza kinyesi na majani yote, osheni kwa sabuni, acheni ikauke, ndipo mpulize dawa ya kuua vijidudu. Dawa iliyomwagwa juu ya kinyesi ni pesa iliyotupwa. Dereva abaki nje ya banda; viatu vyake vimekanyaga mabanda ya watu. Pakieni alfajiri, jua la huku huwachosha nguruwe haraka.

Banda la kutengea wageni liwe tayari kabla hawajafika, mbali na wenyeji, lenye ndoo, koleo na buti zake. Wakae humo siku 30. Wahudumie wa mwisho kila siku, usitoke kwao ukaenda kwa nguruwe wenye watoto. Makombo ya kitimoto usiwape kabisa, kwa kuwa virusi hudumu muda mrefu ndani ya nyama. Walio kando ya mapori wafungie nguruwe wao ndani, kwani ngiri hubeba virusi bila kuugua, na kupe aina ya papasi huvisambaza.

Kuna jambo moja gumu, la kukubaliana nyumbani mapema. Nguruwe wakianza kukataa chakula, masikio na tumbo vikawa vyekundu, wakafa mfululizo, hakuna kuuza waliobaki. Najua ada za shule zinasubiri. Lakini ule uuzaji wa haraka ndio unaoupeleka ugonjwa Kongwa, Chamwino na kwingineko kwa siku moja. Namba ya afisa mifugo iandikwe ukutani bandani, na kando yake daftari la kila nguruwe aliyeingia na kutoka: tarehe, alikotoka, alikokwenda, gari lililombeba.