Jinsi ya Kuchagua Ngazi Mpya ya Mlango wa Trela la Kulala

Ngazi ya mlango wa trela la kulala, ambalo wengi huliita karavani, hukanyagwa mara nyingi kwa siku na huning'inia mahali ambapo magurudumu hurusha tope na kokoto. Kwa sababu hiyo huchakaa mapema kuliko vitu vingine vingi katika trela, na ubovu wake hujulikana saa mbaya: umeegesha usiku, mvua ya Rungwe inanyesha, mguu unashuka gizani na kidato kinacheza chini ya soli. Trela la familia yetu nimelibadilishia ngazi mara mbili, mara ya kwanza kwa kukisia na mara ya pili kwa kupima, na maelezo haya yametokana na tofauti niliyoiona kati ya kazi hizo mbili.

Mara ya kwanza nilinunua ngazi iliyofanana na ile ya zamani, nikiamini kwamba kinachoingia kwenye matundu yaleyale ndicho kinachofaa. Ilikuwa na vidato viwili, na iliingia vizuri. Lakini mama mkwe wangu alipokuja kututembelea ilimbidi ashike fremu ya mlango kwa mikono miwili ili aweze kupanda, kwa kuwa kidato cha chini kilikuwa juu mno. Ngazi ya zamani ilikuwa na kasoro hiyohiyo tangu mwanzo, ila sisi tulikwisha kuizoea.

Anza basi kwa kupima, na upime pale unapoegesha kwa kawaida, si kwenye sakafu ya saruji ya gereji. Sawazisha trela kwa kutumia pima maji, shusha miguu yake, kisha pima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi kwenye kizingiti cha mlango. Mtu mzima hupanda kwa raha kimo cha sentimita 18 hadi 20 kwa hatua moja. Kizingiti kikiwa sentimita 76 juu ya ardhi, utahitaji hatua 4 za sentimita 19 kila moja, na kwa kuwa hatua ya mwisho ni ile ya kutoka kidato cha juu kuingia ndani, ngazi yako iwe na vidato 3. Wengi hukosea hapo, wakahesabu hatua kana kwamba ndizo vidato.

Huku kwetu hesabu hiyo haiishii hapo. Kuanzia Mufindi hadi Tukuyu ni vigumu kupata uwanja ulio tambarare, na ukishasawazisha trela kwenye mteremko, upande wa mlango unaweza kubaki umeinuka. Ardhi ikishuka sentimita 12 tu upande huo, kizingiti kilekile kinakuwa sentimita 88 kutoka chini, na ngazi inayoning'inia kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya trela, itamlazimisha mtu kupanda sentimita 31 kwa hatua ya kwanza. Mtoto hawezi, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi pia. Pima mahali pawili au patatu, uandike kimo kikubwa na kimo kidogo, kisha ununue ngazi inayoweza kukidhi vyote viwili.

Hii ndiyo sababu napendelea ngazi zenye miguu inayorefushwa na kufupishwa. Aina hii hufungwa kwenye kizingiti chenyewe, na wakati wa safari hukunjwa na kusimama ndani ya mlango, ambako tope haliifikii. Uzito wa mtu huenda ardhini kupitia miguu hiyo badala ya kuvuta chesisi, kwa hiyo trela halitikisiki sana kila mtu anapoingia. Kabla ya kuinunua, pima upana wa mlango upande wa ndani, chini kabisa, na uhakikishe kwamba mlango utafungwa ngazi ikiwa imekunjwa. Kagua pia ubao wa sakafu ulio nyuma ya kizingiti, kwa kuwa ukiwa umeoza skrubu hazitashika. Usumbufu wake ni kwamba huwezi kuingia ndani hata kuchukua chupa ya maji bila kuifungua kwanza. Kwenye udongo uliolowa, miguu huzama. Beba vipande viwili vya mbao ya mlingoti, yaani mkaratusi, vya kuweka chini yake, kwa kuwa mbao laini ya paini hubonyea upesi.

Ngazi ya kukunjwa chini ya chesisi ni nyepesi, ni ya bei nafuu zaidi, na fundi yeyote mzuri anaweza kuirekebisha. Ngazi ya umeme, inayotumia mota ya volti 12 na kujifungua mlango unapofunguliwa, siipendekezi kwa barabara zetu. Mota na meno yake hukaa palepale penye tope, na ikikwama ukiwa njia ya kwenda Kitulo, kifaa cha kubadilisha hutakipata dukani Mbeya siku hiyo. Trela likija nayo, hakikisha ina fyuzi yake na swichi ya kuizima.

Jambo moja wanunuzi wa matrela ya Marekani hulisahau: kule hupita kulia, kwa hiyo mlango huwa upande wa kulia. Sisi tunapita kushoto, na ukiegesha kando ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya, ngazi hiyo hushuka upande wa malori yanayokwenda Tunduma. Kwa trela kama hilo chagua ngazi fupi isiyotokeza sana, ibandike ukanda unaoakisi mwanga, na usiifungue kabla hujatoka kabisa barabarani.

Kabla ya kulipia ngazi yoyote, kagua kile itakachofungwa. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alilala chini ya trela letu, akasukuma bisibisi kwenye kona ya bamba lililoshikilia ngazi, na ncha ikapenya. Vipande vya kutu vyembamba kama maganda ya kitunguu vikamwangukia kifuani. Akaniita nitazame. Tundu la bolti, ambalo lilipaswa kuwa duara, lilikuwa limerefuka kama yai. “Mzee, ukifunga ngazi mpya hapa, umeifunga kwenye kutu,” akasema. Nikamjibu, “Fundi, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima.” Alikata, akaweka bamba nene lenye kiungo cha pembetatu, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, na ndipo tukajua tunahitaji bolti za urefu gani. Ikiwa ni lazima kuchomelea, ondoa kwanza nyaya za betri na mtungi wa gesi, na weka maji karibu, kwa sababu ndani ya kuta na sakafu za matrela mengi kuna mbao na povu linaloshika moto haraka. Panapowezekana, tumia bolti zenye alama ya uimara ya 8.8 kichwani na nati zenye pete ya nailoni.

Kuhusu uzito, ngazi nyingi za kukunjwa za Marekani zimeandikwa pauni 300, yaani kilo 136 hivi. Mtu wa kilo 90 aliyebeba ndoo ya maji ya lita 20 amefika kilo 110 kabla hujahesabu kishindo cha mguu. Nakushauri usikubali ngazi ya chini ya kilo hizo 136.

Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa taratibu, hivyo weka kipande cha mpira kati yake. Kidato kiwe na matundu au meno ya kupitisha tope. Vifuniko vya zulia vinapendeza dukani, lakini masika hubeba udongo mwekundu hadi kitandani, na asubuhi za Juni na Julai zenye sakitu huko Makete hufanya kidato laini kiteleze kama sabuni.

Ukichagua ya kukunjwa chini, jaribu komeo lake kwa mkono, kwa nguvu. Yetu ilifyatuka kwenye matuta baada ya Igawa, ikaburuza lami mpaka dereva wa nyuma yetu alipotuwashia taa. Tangu siku hiyo huongeza pini ya chuma na mkanda wa mpira wa tyubu. Wakati wa kiangazi usipake grisi nyingi kwenye bawaba, kwa kuwa vumbi huigeuza kuwa msasa. Pangusa, kisha weka mafuta kidogo. Ukimaliza kukaza, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba, ili ukiinama chini ya trela huko Makambako uone mara moja kama mstari umekatika, yaani nati imelegea.