Maziwa hayanuki, anayenuka ni beberu wako

Jamani huku kwetu Uyui hadi Nzega unakuta nyumba ina mbuzi kumi na tano zizini na watoto wanakunywa chai ya rangi. Uliza mbona hamkamui, mama anacheka, "mbuzi tena?" Kwao mbuzi ni wa kuuza ada ikibana, basi. Ya kondoo ndo usitaje kabisa, watu wanaangaliana.

Wanachosingizia ni harufu. Ipo, sikatai, ila chanzo chake mara nyingi ni zizi. Beberu akipandwa na hamu anajikojolea ndevu na miguu ya mbele, hayo ndo manukato yake, sasa huyo analala na majike anawasugua usiku kucha halafu asubuhi unakamua humohumo juu ya kinyesi, ndoo haina mfuniko, yasinuke kwa nini? Mtenge, banda lake liwe mbali upande ambao upepo hauji kwa majike, aje siku ya kupandisha tu. Kamulia nje pasafi, kiwele kioshe ukikaushe kwa kitambaa, matone ya kwanza yaangalie kwenye kopo jeusi, ukiona mabonge au damu usinywe. Na lile dumu lililokaa mafuta ya taa achana nalo. Mimi nyumbani niliyatia kwenye chai kimyakimya, babu alimaliza vikombe viwili ndo akauliza tumenunua ng'ombe lini.

Kuchemsha hapo sina utani. Mbuzi na kondoo wanabeba brusela, ugonjwa unaoingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, mtu homa inakuja inaondoka, viungo vinauma, anameza dawa za malaria wee haponi. Yachemke mpaka yapande. Aliyetupa mimba usimkamue, mwite afisa mifugo, na usimshike mikono mitupu. Aliyechomwa sindano subiri zile siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Wa kienyeji usimtegemee ndoo, ni kikombe au viwili kwa siku. Vitoto vikishaanza kula majani vitenge usiku, kamua asubuhi halafu viachie vishinde na mama yao. Ukitaka zaidi tafuta beberu chotara wa Saanen au Toggenburg, hizo ni aina za mbuzi wa maziwa, apande majike yako upate majike wa kukamua zaidi, mimba ni miezi 5 tu. Kondoo naye anatoa kidogo ila mazito, mafuta yanakaribia mara mbili ya ng'ombe, mtindi wake unasimama wenyewe.

Kichanga chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, na hata baada ya hapo mpaka afike mwaka ya mbuzi yasichukue nafasi yake.