SOMO: Kuchukua nakala ya blogu nzima, picha zikiwemo

Wakuu, swali la "nimehamisha blogu, mbona picha hazionekani?" nimelijibu hadi vidole vimeota sugu. Naandika leo mara moja. Akija mwingine mtupieni somo hili, mimi nipumzike.

Ni kwa mnaotumia WordPress, programu ya kuendesha blogu, mliyoisimika wenyewe kwenye seva ya kulipia. Blogu ya namna hiyo hukaa sehemu mbili tofauti. Makala, maoni ya wasomaji na mipangilio vimo kwenye hifadhidata. Picha, themu (sura ya blogu) na plagini (vipande vya kuiongezea uwezo) ni mafaili ya kawaida ndani ya folda ya wp-content. Ukibeba kimoja ukaacha kingine, umehama na funguo, mlango umeuacha kule.

Hatua ya 1. Ingia kwenye paneli ya seva yako, yaani ukurasa wa kuisimamia.

Hatua ya 2. Fungua sehemu ya mafaili, ifunge wp-content iwe zip, ipakue.

Hatua ya 3. Pakua na wp-config.php, iko nje ya hiyo folda. Ndani yake mna nenosiri la hifadhidata, kwa hiyo msiibandike hapa mkiomba msaada. Wapo waliofanya hivyo.

Hatua ya 4. Humohumo kwenye paneli fungua phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata, chagua hifadhidata yako kushoto, bonyeza "Export", upate faili la .sql. Ukikuta hifadhidata tatu hujui ipi ni yako, angalia mstari wa DB_NAME kwenye wp-config.php.

Hatua ya 5. Usidanganywe na XML. Hapa ndipo nilipoumia. Kwenye dashibodi ya WordPress kuna "Tools", halafu "Export", inakupa faili la XML. Mimi niliamini hiyo ndiyo nakala. Faili lilikuwa dogo ajabu, sikushtuka, nikafurahi kwamba limepakuliwa upesi. Jioni ileile nikafunga akaunti ya zamani, nikaliingiza XML kwenye blogu mpya. Makala zikaja zote. Palipokuwa na picha pakabaki visanduku vitupu. Nikalifungua lile faili kwa Notepad, nikaitafuta picha moja kwa jina lake: kilichokuwemo ni anwani tu, inayoelekeza kwenye blogu niliyoifunga saa mbili kabla. XML haibebi picha, hubeba mahali zilipo. Wakati wa kuingiza kuna kisanduku cha kutiki ili WordPress izifuate kule zilikokuwa, ila kule pawe bado hai. Picha za miaka minne nikaziokoteza kwenye simu na barua pepe za zamani. Nyingine hadi leo sina.

Kwa hiyo: akaunti ya zamani ISIFUNGWE mpaka uone picha kwenye blogu mpya kwa macho yako. Na XML haibebi themu wala plagini pia, msije mkaniuliza.

Hatua ya 6. Jaribu ulichopakua. Fungua zip, ingia uploads. Mle picha zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Fungua moja ya zamani kabisa na moja ya juzi. Kisha fungua .sql kwa Notepad, tafuta kichwa cha makala yako ya mwisho. Kisipokuwemo, umechukua hifadhidata siyo, au upakuaji ulikatika njiani.

Hatua ya 7. Weka nakala sehemu mbili, na isiwe seva ileile.

MASWALI

Mwanachama: Mkuu nimefuata hatua zote, picha hazionekani.
Mimi: wp-content uliipakua?
Mwanachama: Hiyo niliiruka, ilikuwa kubwa.
Mimi: Basi hukufuata zote. Hatua ya 2.

Mwanachama: Zipo plagini zinafanya haya yote kwa kubofya mara moja. Unatuchosha bure.
Mimi: Zipo, UpdraftPlus nimeitumia na sina ugomvi nayo. Lakini usipoielekeza kwingine, nakala zake huziweka ndani ya wp-content hiyohiyo, seva hiyohiyo. Seva ikifa, vinazikwa pamoja. Na siku dashibodi ikigoma kufunguka, utabofya wapi?

Mwanachama: Samahani mkuu, mimi nabadilisha na jina la tovuti. Naweza kulifungua .sql nikabadilisha anwani ya zamani kwa mpya kote kwa mkupuo?
Mimi: Swali zuri, na ninafurahi umeuliza kabla. Usifanye hivyo. Baadhi ya mipangilio WordPress huiandika pamoja na idadi ya herufi, mfano s:6:"habari". Ukibadilisha neno liwe "matangazo", herufi zinakuwa tisa lakini ile 6 inabaki palepale. PHP, lugha inayoiendesha WordPress, ikihesabu ikaona hazilingani, inaukataa mpangilio mzima, unashangaa vitu vya pembeni mwa ukurasa vimetoweka. Tumia plagini ya Better Search Replace, au kama unaweza kuandika amri, wp search-replace ya WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi. Hizo hurekebisha na hesabu. Anza na jaribio lisilobadilisha kitu, uone itagusa sehemu ngapi.
Mwanachama: Aisee, ndiyo maana mara ya kwanza menyu zilipotea! Shukrani.

Mwanachama: Nje ya mada kidogo. Zip yangu ni GB 6, flashi ina nafasi ya GB 20, Windows inasema faili ni kubwa mno.
Mimi: Flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32. Huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Bofya kulia, "Format", chagua exFAT. Ila kwanza hamisha vilivyomo, maana itafuta vyote.
Mwanachama: Sentensi ya mwisho nimeisoma nikiwa nimeshamaliza.
Mimi: Ichomoe, usiandike chochote juu yake. Kama ulifanya "Quick Format", vilivyomo vingi bado vipo. Pakua PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ni ya bure, na vinavyookolewa viweke kwenye diski ya kompyuta, siyo flashi hiyohiyo. Majina ya mafaili yatapotea, utayapanga upya moja moja. Ukipata kitu niambie.