Namna ya Kufundisha Maisha ya Inge Lehmann kwa Nazi Mbili na Kamba: Mwongozo kwa Walimu wa Mtwara

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa jiografia na fizikia katika shule za sekondari za Mtwara, hasa wanaosimamia klabu za sayansi. Unahusu namna ya kufundisha maisha na kazi ya Inge Lehmann, mwanajiofizikia wa Denmark ambaye mwaka 1936 alionyesha kwamba ndani ya kiini cha dunia kuna kiini kingine. Utahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, pamoja na uwanja wenye mchanga, kamba ya katani ya mita moja na nusu, kipimapembe cha ubaoni, na nazi mbili zilizofuliwa: moja iliyokomaa yenye maji, nyingine iliyokwisha kuota.

Usianze na tarehe ya kuzaliwa. Mara ya kwanza nilipofundisha somo hili nilijaza ubao kwa tarehe, vyuo na medali. Wanafunzi wakanakili kwa utii, na wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kunieleza mama huyu aligundua nini, wala alijuaje. Swali hilo la pili ndilo linalobeba somo zima, kwa sababu kutoka tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371, na hakuna shimo lililowahi kuchimbwa likafika kilomita 13 kwenda chini.

Kwa hiyo anza na nazi. Mpe mwanafunzi ile yenye maji, umwambie aitikise karibu na sikio kama mnunuzi afanyavyo sokoni, kisha mpe iliyoota aitikise vilevile. Waulize wote sauti imebadilikaje na kwa nini, na uhakikishe kila mmoja ameandika makisio yake kabla ya nazi kupasuliwa, maana makisio yasiyoandikwa hubadilika mara ukweli unapoonekana. Ukipasua nazi iliyoota watakuta donge jeupe limechukua nafasi ya maji. Hapo waeleze kwamba tetemeko la ardhi ndilo mtikiso, na seismografu, yaani chombo kinachochora mitikisiko ya ardhi, ndiyo sikio. Usiache kutaja mahali ambapo mfano huu unakoma: donge la nazi ni laini na limeshikamana na kifuu upande wa jicho, ilhali kiini cha ndani cha dunia ni kigumu na kimezungukwa pande zote na chuma kilichoyeyuka.

Sasa wasimulie maisha yake, bila haraka katika sehemu zenye uzito. Alizaliwa Copenhagen tarehe 13 Mei 1888, akasomeshwa katika shule ya Hanna Adler, ambako wavulana na wasichana walitendewa sawa katika masomo yote, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra. Alianza hisabati katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1907, akaenda Cambridge mwaka 1910, na mwaka uliofuata akarudi nyumbani akiwa amechoka mno kuendelea. Miaka kadhaa ilipita akifanya kazi ya hesabu za bima, na shahada yake akaimaliza mwaka 1920. Nawasihi msiipite sehemu hii. Katika kila darasa langu wamo wanafunzi walioacha shule kwa muda kwa sababu ya ada, ugonjwa au msimu wa korosho, na nimewaona wakiinua vichwa wanaposikia kwamba Lehmann aliingia katika elimu ya matetemeko mwaka 1925 tu, akiwa na miaka 37 hivi, alipokuwa msaidizi wa mwanahisabati Niels Erik Nørlund na kushiriki kuanzisha vituo vya seismografu nchini Denmark na Greenland. Mwaka 1928 alikabidhiwa idara ya matetemeko katika Taasisi ya Jiodesia, yaani elimu ya kupima umbo la dunia, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1953.

Baada ya hapo watoe uwanjani. Funga kijiti kwenye kamba na mchore dunia kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 50: duara la nje liwe na nusu kipenyo cha sentimita 127, na duara la kiini sentimita 70. Duara la tatu lisichorwe bado. Waeleze kwamba mwaka 1926 mwanasayansi Mwingereza Harold Jeffreys alikwisha kuonyesha kuwa kiini ni kimiminika, na kwamba mawimbi ya kwanza ya tetemeko, yanapoingia katika kiini hicho, hupinda kama fimbo inavyoonekana kupinda ndani ya maji, kiasi kwamba sehemu fulani ya uso wa dunia hubaki kama kivulini. Mweke mwanafunzi mmoja kwenye ukingo awe tetemeko, wengine wasimame kuzunguka duara wawe vituo. Kisha, kwa kipimapembe kilichowekwa katikati ya duara, waketishe wote walio kati ya nyuzi 103 na nyuzi 143 kutoka kwa mwenzao, kila upande. Hao ndio walio kivulini, ambao haikutarajiwa mawimbi hayo yawafikie.

Kisha waambie habari ya tetemeko kubwa lililotokea New Zealand mwezi Juni 1929. Katika vituo vya mbali, vikiwemo vya Sverdlovsk na Irkutsk huko Urusi, Lehmann aliona alama za mawimbi mahali palipopaswa kuwa kivulini. Wengine waliziona alama za namna hiyo wakazipatia maelezo ya kupita. Yeye alichukua mfano mwepesi kabisa wa dunia, ambamo mawimbi husafiri kilomita 10 kwa sekunde katika miamba na kilomita 8 katika kiini, akaongeza duara dogo katikati lenye mwendo wa kasi zaidi, akapiga hesabu na kuona kwamba mawimbi yanayoligusa duara hilo yangeweza kutokea kivulini. Hapo ndipo mchore duara la tatu, la sentimita 24, na umruhusu mmoja wa walioketi asimame. Mwalimu wa hisabati akiwapo, mwombe asimamie hatua hii.

Sahihisha pia kosa linalorudiwa katika madaftari mengi: Lehmann alionyesha kwamba kiini cha ndani kipo, kwamba ni kigumu ni jambo lililoelezwa na kuthibitishwa na wengine baadaye. Medali zitaje kwa ufupi. Inatosha kusema kwamba mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya William Bowie nchini Marekani, na kwamba alifariki tarehe 21 Februari 1993 akiwa na miaka 104.

Mwanafunzi atakuuliza elimu hii inamhusu nini mtu wa Mtwara. Mjibu kwa Msimbati, kijiji cha Mtwara palipo na gesi ya Mnazi Bay. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ile ya Songo Songo huko Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, zimelala chini ya miamba isiyopenyeka kwa macho, na watafutaji wa gesi hutuma mitikisiko ardhini au baharini kisha hupima mwangwi unaorudi kutoka katika matabaka. Tofauti ni kwamba wao hutengeneza mtikiso wao wenyewe, ilhali Lehmann alisubiri dunia itikisike yenyewe.

Kazi ya nyumbani ndiyo ninayoithamini kuliko yote. Jamaa mmoja wa Lehmann alisimulia kwamba alimkuta bustanini na meza iliyojaa maboksi ya shayiri, ndani yake mkiwa na kadi zenye taarifa za matetemeko ya dunia nzima. Wape wanafunzi wako boksi tupu la majani ya chai na kadi 30 zilizokatwa kutoka karatasi ngumu. Kwa mwezi mzima, wanaoishi karibu na Shangani au Mikindani waandike kila siku saa ya maji kujaa, saa ya maji kupwa na upande wa upepo. Wa mbali na bahari waandike mvua na saa ilipoanza. Mwezi ukiisha zipangeni kadi mezani kwa kufuata umri wa mwezi wa angani, ili bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, yaani siku za maji madogo, yajitokeze yenyewe. Itakuwapo kadi moja au mbili zisizolingana na nyingine, na mwanafunzi atataka kuzifuta. Mzuie, mrudishe ufukweni siku ileile ya mwezi unaofuata, na kadi mpya iwekwe juu ya ile ya zamani katika boksi lilelile.